Tabora: Njia ya Wapagazi na Urithi wa Watoto Wetu

Msomaji mpenzi, kama unaye mtoto wa darasa la tano au la sita nyumbani, hebu mwulize leo jioni: "Nani alikwenda Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone?" Yamkini atajibu mbio, "Stanley!" Vema. Sasa mwulize tena: "Na ni akina nani waliochukua mizigo ya Stanley kutoka pwani mpaka Ujiji?" Hapo atakutazama tu. Usimkasirikie, maana hakuna aliyemwambia.

Basi hao waliochukua mizigo ndio babu zake. Na kama si babu zake wa damu, ni watu wa nchi yake, waliosema lugha anayoisema na kula chakula anachokula. Mtoto anayeyajua majina ya wageni wawili, wala hajui hata jina moja la watu wa kwao, amefundishwa nusu tu ya habari. Nusu ile nyingine ni kazi yetu sisi wazazi.

Kwa hiyo leo nakualika tufunge safari pamoja mpaka Tabora, tukiwa na watoto wetu. Tutaona mambo ya kujivunia, tena tutaona mambo ya kuhuzunisha. Yote ni urithi wao, na haifai tuwape haya tukawaficha yale.

NJIA ILIYOKUWAKO KABLA YA RELI

Watu wengi huwasili Tabora kwa gari moshi. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati huko Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ukishuka stesheni, mwambie mtoto asimame kidogo atazame reli inavyokwenda mashariki na inavyokwenda magharibi. Kisha mwambie hivi: "Wenye reli hawakuibuni njia hii. Kwa sehemu kubwa waliifuata njia iliyokwisha kukanyagwa kwa miguu."

Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Mamboya na Mpwapwa, ikavuka Ugogo na ile nyika ya kiu iliyoitwa Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Toka hapa iliendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wake wote wapata kilomita 1,200. Waingereza Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Novemba 1857, mahali penyewe pakiitwa Kaze, walikuwa safarini siku 134 tangu pwani. Leo basi likiondoka Dar es Salaam alfajiri, usiku wa siku ile ile limekwisha kufika.

Sasa mfikiri mpagazi. Mzigo wake ulikuwa wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, nao ulikaa kichwani au begani. Wakienda pwani walichukua pembe za ndovu. Wakirudi walichukua vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Juu ya mzigo wa tajiri, mpagazi alikuwa na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, amevaa nguo nyekundu, na ngoma ikipigwa. Neno hilo si geni kwako. Ndilo hilo hilo tunalolitamka leo "kiongozi". Kila tunapomwita mtu kiongozi tunamkumbuka, bila kujua, yule aliyetangulia njiani akijua maji yako wapi.

Watu wengi hudhani kwamba kila mpagazi alikuwa mtumwa. La, hasha! Walikuwako watumwa waliobebeshwa mizigo kwa nguvu, na habari zao tutazifikia. Lakini Wanyamwezi wengi waliofanya kazi ile walikuwa watu huru, waliopatana ujira wao kabla ya kuondoka. Mara nyingi walisafiri wakati wa kiangazi, mvua ikikaribia wakarudi kulima. Wakidhulumiwa walitua mizigo, na tajiri akabaki peke yake porini na pembe zake. Wageni walioandika habari za siku zile wanasema kwamba kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaenda pwani alichekwa na wenziwe, hakuhesabiwa mwanamume kamili. Wanawake nao walikuwamo msafarani, wakichukua vyombo na watoto, wakipika jioni kambini. Habari zao ni chache vitabuni, lakini pasipo wao safari isingalikwenda.

Mwambie mtoto na jambo hili: Kiswahili tunachokisema leo bara kilipanda na njia hii. Kambi moja ilikuwa na Mnyamwezi, Mzaramo, Mgogo, Mmanyema na mtu wa Unguja. Sharti wapate lugha ya kuelewana. Na utani je? Wazee wanatuambia kwamba utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulitokana na safari hizo. Mtu akifa mbali na ndugu zake, mtani ndiye aliyemzika. Siku mtoto akimwona mtani wa baba yake anapiga kelele na kuchekesha watu matangani, asione ni utovu wa adabu. Ni agano la watu walioheshimiana njiani.

KWIHARA, CHINI YA MIEMBE

Kutoka mjini twende Kwihara, kama kilomita 6 hivi. Njiani utaona miembe ya zamani. Wazee husimulia kwamba miembe ya namna hii, huku na kule kwenye njia ya misafara, ilitokana na kokwa walizotupa wasafiri. Huko Kwihara liko tembe, nyumba ya udongo ya kale yenye dari bapa, ambalo limefanywa nyumba ya makumbusho. Livingstone na Stanley walifika humo pamoja mwezi wa Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi kurudi pwani. Livingstone alibaki akingoja watu atakaoletewa, na walipofika, akaondoka nao tarehe 25 Agosti 1872. Hakurudi tena akiwa hai.

Watoto wakisikia habari za wazungu hao wawili, wewe waongezee majina haya.

La kwanza ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani hata India. Alipopata uhuru wake akarudi Afrika, akatumika katika misafara ya Burton na Speke, kisha ya Stanley, kisha ya Cameron. Na pamoja na huyo Cameron alilivuka bara lote la Afrika kwa miguu mpaka bahari ya magharibi, mwaka 1875. Jina "Bombay" alipewa kwa ajili ya mji wa ugenini; jina aliloitwa na mama yake hatulijui. Mtoto na alisikie jambo hilo pia.

Majina mengine ni Susi na Chuma. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwezi wa Mei 1873, wafuasi wake wangaliweza kumzika pale pale na kwenda zao. Hawakufanya hivyo. Moyo wake waliuzika chini ya mti, mwili wakaukausha, wakaufunga, wakauchukua. Walikuwa watu yapata 60, na mpishi Halima alikuwa miongoni mwao. Walipofika hapa Unyanyembe walimkuta Cameron, naye akawashauri wauzike mwili hapa hapa. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, baada ya miezi tisa njiani. Mwili ukapelekwa London, ukazikwa kwa heshima kubwa mwezi wa Aprili mwaka ule. Wakati wa maziko yale Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika Uingereza baadaye.

Mwulize mtoto: "Ungalikuwa wewe, ungaliuacha mzigo?" Kisha nyamaza, umwache afikiri. Swali moja la namna hii lafaa kuliko kukariri tarehe ishirini.

WATEMI WAWILI

Magharibi ya Tabora iko Urambo, nchi inayochukua jina la mtemi Mirambo. Aliunganisha milki nyingi ndogo zikawa moja yenye nguvu, na mwaka 1871 akapigana na Waarabu wa Tabora hata njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley mwenyewe alishiriki vita hivyo upande wa Waarabu, wakashindwa. Mwaka 1876 Stanley alikutana naye, wakachanjia udugu. Mirambo alikufa Desemba 1884.

Hapa Unyanyembe alitawala mtemi Isike. Wajerumani walipotaka kuitwaa nchi, aliwapinga. Mwezi wa Januari 1893 walilivunja boma lake, naye akaona heri kulipua ghala lake la baruti kuliko kujitoa mikononi mwao.

Watoto wapenda sana hadithi za mashujaa, nasi twapenda kuwasimulia. Lakini tuwaambie kweli yote. Mirambo alikuwa mtu wa akili na uhodari. Pia rugaruga wake walichoma vijiji, na watu waliokuwa hawana kosa walikimbia na watoto migongoni. Mtu aweza kuwa mkuu, na bado kuwa amewatesa wengine. Mtoto akilielewa hilo kwa Mirambo, ataweza kulielewa hata kwa wakubwa wa siku zake mwenyewe.

Na akipenda mashujaa wasiochoma kijiji, mwonyeshe shule. Shule ya serikali ya Tabora ilianzishwa mwaka 1925. Mwalimu Nyerere alisoma hapo tangu 1937 hata 1942, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria tangu 1946 hata 1949. Na katika mji huu huu, Januari 1958, chama cha TANU kilifanya mkutano wake wa kukata shauri kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ijapokuwa masharti yake yalikuwa mabaya. Shauri lile ndilo lililofungua mlango wa uhuru bila kumwaga damu.

LILE TUNALOOGOPA KULISEMA

Sasa tufike mahali pagumu. Njia ile ile iliyopitisha wapagazi huru ilipitisha na watu waliofungwa shingoni. Soko la watu lilikuwako. Waliouza walikuwa Waarabu na watu wa pwani, naam, lakini walikuwamo na watemi wetu, na jirani aliyemkamata jirani. Ndiyo sababu wazazi wengi hunyamaza. Katika Tabora na vijiji vyake zipo koo ambazo babu zao waliuza, zipo na koo ambazo babu zao waliuzwa. Wameoana, wamechanganyika, na watoto wao huketi dawati moja. Mzazi hufikiri: nikisema, nitaamsha ugomvi.

Nami nakuambia, msomaji, kunyamaza hakuondoi ugomvi. Watu wakigombana kilabuni au shambani, tusi la "mtumwa wewe" huja upesi mdomoni. Mtoto akilisikia huko kabla hajasikia kweli nyumbani, atalishika kama silaha, au litamchoma maisha yake yote. Afadhali asikie kwako kwanza, jioni, kwa sauti ya upole: kwamba kuuzwa si aibu ya aliyeuzwa, bali ni dhambi ya aliyeuza, na kwamba mjukuu hahukumiwi kwa kosa la babu, ila atahukumiwa akilirudia.

Kuna methali isemayo, "Mwacha asili ni mtumwa." Twaitumia kila siku, lakini fikiri ilivyo kweli. Mtu alipouzwa, mara nyingi alipewa jina jipya. Lugha ya mama yake hakupata wa kusema naye. Mwisho hata kijiji chake alikisahau. Ndivyo walivyofanywa kwa nguvu. Je, sisi tuwafanyie hivyo watoto wetu bila kulazimishwa na mtu?

Nje kidogo ya mji iko Kipalapala. Huko, katika miaka ya 1880, mapadre wa White Fathers walifungua kituo cha watoto waliokombolewa utumwani. Na huko Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, aliishi Adrien Atiman. Alitekwa akiwa mtoto katika nchi za mto Niger, Afrika ya Magharibi. Akauzwa, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa uganga wa kizungu huko Malta, akaja kwetu. Alitibu watu na kufundisha dini Karema zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuwa Mfipa wala Mbende wala Mnyamwezi, lakini watu wa ziwani walimhesabu kuwa wao. Mtoto akijua habari za Atiman, atajua kwamba aliyeuzwa kama mbuzi aweza kuwa baba wa nchi nzima.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Usidhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Huko Marekani wako watu weusi ambao mababu zao walivushwa bahari kwa minyororo. Shuleni watoto wao walisoma habari za wazungu tu, kana kwamba weusi hawakufanya neno. Basi mtu mmoja, Carter Woodson, ambaye wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani, alianzisha mwaka 1926 juma moja la mwezi wa Februari la kufundisha habari za watu weusi. Tangu 1976 juma lile limekuwa mwezi mzima. Nao watu wa Marekani wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania walipewa juma lao mwaka 1968, likawa mwezi mwaka 1988. Watoto huimba, hupika vyakula vya bibi zao, husoma habari za wakubwa wao. Na watoto wa makabila mengine huja kutazama na kujifunza.

Hapa karibu, Bujora jirani na Mwanza, Padre David Clement aliyetoka Kanada alifanya jambo kama hilo katika miaka ya 1950. Alikusanya ngoma, vigoda vya watemi na vyombo vya Wasukuma, akajenga nyumba ya makumbusho, na kanisa lenyewe likajengwa kwa namna ya nyumba ya kitemi. Hata sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa Juni, inafuatwa na ngoma za bulabo, Wagika na Wagalu wakishindana kucheza. Wasukuma na Wanyamwezi ni ndugu. Ikiwa Bujora imewezekana, kijijini kwako je?

Serikali yetu nayo iliiandikisha njia hii ya misafara mwaka 2006 katika orodha ya mahali ambapo Tanzania inaomba pawe urithi wa dunia. Bagamoyo, Kwihara na Ujiji wamo. Ni jambo jema. Lakini dunia ikipaheshimu Kwihara, na mtoto wa Kwihara asijue kwa nini, faida yake nini?

KAZI YA NYUMBANI

Huna haja ya fedha nyingi wala ya kungoja mwalimu. Nunua daftari moja. Jumapili baada ya chakula, mtume mtoto kwa babu au bibi akaulize maswali machache: Jina langu lina maana gani? Tulitoka wapi? Nani katika ukoo wetu aliyekwenda pwani, au aliyechimba reli, au aliyekwenda mashamba ya mkonge? Aandike majibu kwa mkono wake, na tarehe, na jina la aliyesema.

Kisha mfundishe kwa mikono. Msichana na mvulana wajue kuanika michembe na nsansa, wajue mzinga wa gome unavyotengenezwa na asali inavyorinwa katika miombo. Ngoma ya manyanga wasiione kwenye sherehe za wakubwa tu. Wajue kuitikisa wenyewe. Nyumbani wasemeni Kinyamwezi, au lugha yoyote ya kwenu. Kiswahili watakipata, hakina shida. Na siku ya sikukuu waalike watoto wa jirani wa kabila jingine waonyeshe ya kwao. Kusifu kwenu kwa kudharau kwa wenzako si urithi, ni kiburi.

Lakini sharti niseme na hili, maana si kila cha zamani chafaa kurithiwa. Katika mikoa yetu ya magharibi vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine hawakuwa na kosa ila macho mekundu. Macho yale yamefanywa mekundu na moshi wa kuni, kwa kuwapikia watoto na wajukuu miaka 50. Twasema twapenda mila za wazee, kisha twamwua mzee mwenyewe! Bibi yule ndiye anayejua nyimbo za msafara alizomsikia bibi yake akiimba. Akifa kwa panga, nyimbo zimekufa naye, na mtoto aliyeona amefundishwa mila moja tu, ya kumwogopa na kumwua mkubwa wake. Basi fundisho la kwanza la urithi ni hili: bibi na babu wapewe kiti, wapewe chakula, wapewe ulinzi, na wasikilizwe.

Wapagazi walikuwa na desturi: aliyechoka hakuutupa mzigo njiani, aliutua, akapumzika, wenziwe wakamsaidia kuutwika tena. Wewe mzazi una mzigo uliotwikwa na waliokutangulia. Usiku wa leo, taa ikiwashwa, mwite mtoto na daftari lake, umwanzishie na jina la babu yake.